Mikoko ya Gazi Yalindwa Jikoni

Aliyelelewa katika nyumba ya mawe, iwe Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, amelala utoto wake wote akizitazama boriti. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, na mgeni hudhani kwamba mafundi wa zamani waliupenda wembamba. Sivyo. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko yenye kubeba dari la mawe na chokaa haizidi sana mita tatu, na fundi hakuweza kuupeleka ukuta mbali kuliko mti ulipofika. Kwa hiyo vipimo vya nyumba zetu vilikatwa kwanza katika tope la pwani, ndipo vikaja mjini.

Lugha yetu nayo yashuhudia. Kila unene wa mti huo una jina lake: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, na nguzo juu yake. Majahazi yaliipakia kwa maelfu, yakangoja kusi, yakaondoka kwenda Arabuni, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, hata serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuipeleka miti hiyo ng'ambo mwaka 1982. Lakini marufuku ya kusafirisha haikuwa marufuku ya kukata, na shoka halikulala.

Basi tulipopata nafasi ya siku chache tulivuka Likoni, tukashika njia ya kusini hadi Gazi, kutazama mahali ambapo mti uliokatwa umerudishwa, tena umerudishwa na wale wale wanaoishi kando yake.

Gazi iko kiasi cha kilomita hamsini kutoka Mombasa, ukishaipita Ukunda na kabla ya kufika Msambweni. Njia kuu hupita katikati ya minazi, kisha gari huacha lami na kukata kushoto kuelekea baharini. Ni mji mdogo wenye historia kubwa kuliko umbo lake. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza katika vita vya mwaka 1895 na 1896. Wenyeji ni Wadigo na Waswahili na watu waliokuja kwa uvuvi wakaoa wakakaa. Watoto walikuwa wanatoka chuoni tulipowasili, na harufu ya nazi ikipikwa ilitoka katika kila ua.

Mji hauioni bahari moja kwa moja. Baina yake na maji yenye kina pana ghuba, na ghubani pana msitu wa mikoko. Wazee wenye umri wetu na zaidi wakumbuka wakati sehemu ya msitu huo ilikuwa uwanja mtupu. Katika miaka ya 1970 miti ilikatwa kwa wingi kulisha matanuri ya chokaa na matofali, na kwingine haikusazwa hata mmoja wa kuangusha mbegu. Yalibaki matope yaliyokaushwa na jua na mchanga uliohamahama. Samaki walipungua, kwa kuwa mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya samaki wengi wangali wadogo, na kamba vilevile. Hili mvuvi wa Gazi hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alilijua kwa wepesi wa tenga lake.

Mwaka 1991 taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambayo ina kituo chake papo hapo Gazi, ilianza majaribio ya kupanda mikoko pamoja na wanakijiji. Aliyeongoza kazi hiyo, Dkt. James Kairo, jina lake halitengani tena na mikoko ya Kenya. Miti waliyoipanda wakati huo sasa ni mirefu kuliko nyumba, na asiyeambiwa hawezi kuitenga na msitu wa asili ila kwa kutazama safu: ile iliyopandwa na mkono imesimama kwa mistari.

Kikundi cha wanawake wa Gazi kimejenga daraja la mbao lipitalo juu ya tope, ndani kwa ndani ya msitu. Mgeni hulipa kiingilio kidogo akatembezwa. Tulitembezwa na mama wa makamo, na baada ya hatua chache ilitubainikia kuwa sisi tuliohifadhi majina ya vitabu vingi hatukuhifadhi majina ya miti yetu. Kenya ina aina tisa za mikoko, na sisi tulikuwa tunaita yote mikoko, kama mtu aitaye kila samaki samaki. Yeye alitutajia mmoja mmoja. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyojipinda nje ya shina mfano wa mbavu za jahazi. Mchu huota mizizi iliyosimama wima juu ya tope kama kalamu zilizochomekwa, na jani lake hutoa chumvi. Alituambia tuonje, tukaonja. Muia hutoa boriti nzuri. Mkandaa gome lake lilitiwa rangi ya ukili na kutengenezea ngozi. Mlilana ndio uliotoa mataruma ya vyombo, nao husimama mbele kabisa, ukitazamana na wimbi. Mkomafi ana tunda la duara kama mpira, lenye mbegu zinazoshikana namna ambayo ukizitawanya huzirudishi tena.

Kila mti una mahali pake, na hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Mlilana mbele, mkoko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu hadi ukingoni mwa nchi kavu, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu. Ukiuchukua mkoko ukaupanda mahali pa mchu, waufanyia dhulma, nao utakufa. Twalisema hili kwa sababu imekuwa ada siku hizi, kila ikija siku ya mazingira, mabasi kuteremsha watu ufukweni wamevaa fulana za rangi moja, wakachomeka miche elfu kadhaa popote palipo tope, wakapigwa picha wakaondoka. Hesabu itolewayo ni ya miche iliyopandwa. Ya iliyoishi haitolewi na mtu. Wanawake wa Gazi wao huulizana ile ya pili, kwa kuwa wao ndio wapitao hapo kesho na kesho kutwa.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya utulivu. Mkoko hauhitaji kitalu. Mbegu yake huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama mshumaa wa kijani mrefu, na ikikomaa hutokeza ukosi wa manjano pale iliposhikana na tunda. Asiye na ukosi huo ni mchanga, haokotwi. Wanawake huchuma waliokomaa, wakangoja maji yapwe, wakachomeka kila mmoja kadiri ya thuluthi yake ndani ya tope, na baina ya mmoja na mwenziwe hatua moja. Mchu na mlilana ndiyo yenye taabu, kwa kuwa mbegu zao ni ndogo na huchukuliwa na maji. Hizo hutiwa katika viriba vya tope na kulelewa kitaluni, mahali ambapo maji ya bahari huja yakarudi, hata mche uwe na nguvu za kusimama peke yake. Kazi hiyo hufanywa na akina mama wakiwa wameinama saa mbili tatu, kanga zimefungwa viunoni, na saa zao huzipangwa na mwezi, si na ofisi.

Lakini kupanda si ndilo jambo zito. Jambo zito ni kuacha kukata, na hapo maneno huingia jikoni.

Tulimuuliza mama yule, naye akatujibu bila ya kuficha, kwamba zamani yeye na wenziwe walikuwa wakiingia msituni na panga kama waendavyo kisimani. Kuni za mikoko zawaka vizuri hata zikiwa mbichi kidogo, na moto wake ni mkali na wa kudumu. Wali wa harusi hupikwa kwa kuni, mikate ya mofa hupikwa kwa kuni, na mwezi wa Ramadhani jiko la nyumba huwaka kuanzia alasiri hata usiku, kisha likawashwa tena kwa daku. Nani angemwambia mwanamke mwenye watoto saba aache kuni zilizo nyuma ya nyumba yake kwa sababu ya samaki wa mwakani?

Twalitilia mkazo swali hili kwa sababu limeangusha miradi mingi. Wahifadhi hufika, wakaweka kibao cha kukataza, wakaajiri mlinzi, na mlinzi huyo ni mpwa wa yule mkata kuni. Mlinzi afanye nini? Amkamate shangazi yake?

Njia iliyofuatwa Gazi na kijiji jirani cha Makongeni ilikuwa kuanza na kuni kabla ya kuanza na katazo. Walipanda mivinje katika viwanja vya nchi kavu. Mvinje hukua upesi, na katika miaka michache hutoa kuni na majengo. Kuna jambo la kufurahisha hapa, kwani mvinje si mwenyeji wa pwani hii. Asili yake ni mashariki ya mbali, nasi tumeuzoea tu kwa ukae wake. Amepandwa mgeni ili mwenyeji asikatwe. Wako watunzaji wa miti ya asili ambao hawapendi jambo hilo hata kidogo, nasi twaiheshimu hoja yao, ila aliyewahi kupuliza moto wa makumbi yaliyolowa mvua atawaelewa akina mama wa Gazi kwanza.

Kisha ukaja mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 1 wa mpango wake, yaani 2013, na ambao hutajwa kuwa wa kwanza duniani wa namna yake. Wanakijiji walichukua dhamana ya hekta 117 za mikoko, nyingi katika hizo zikiwa msitu wa asili na sehemu ndogo iliyopandwa. Sheria ya misitu ya Kenya yaruhusu jamii kusimamia msitu kwa mkataba na serikali, nao wakauandika mkataba wao. Wanaulinda msitu usikatwe, na wanaongeza miche. Mpango wa awali ulikuwa kupanda 4,000 kila mwaka. Mti unapokua hula hewa ya ukaa, na mikoko huizidi misitu mingi ya nchi kavu kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba yake huifukia chini, katika tope lisiloingiwa na hewa, mahali ambapo majani na mizizi iliyokufa hukaa karne na karne bila ya kuoza. Hesabu ya kazi hiyo ni kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na wapo watu na makampuni ya ng'ambo, aghalabu Ulaya, walio tayari kulipia ili kufidia moshi wautoao wao.

Jioni, barazani karibu na msikiti, mzee mmoja alikiona kilemba chetu akatusogelea.

"Sheikh," akasema, "twaambiwa kijiji chauza hewa. Hewa yauzwa? Nani aliyeishika mkononi akaipima?"

Swali lilikuwa la haki, na mwenye kulidharau hajasoma mlango wa biashara. Mtu hauzi asichokimiliki wala asichoweza kukikabidhi. Tulimjibu, "Mzee wangu, hawauzi hewa. Wanalipwa ujira kwa kuuchunga msitu, na tani ndicho kipimo cha ule uchungaji." Katika fikihi uko mlango wa jualah, mtu kuahidi malipo kwa atakayemfanyia jambo likatimia, na yaonekana kwetu mambo haya yakaribia mlango huo kuliko mlango wa kuuza. Hatutoi fatwa katika gazeti la familia. Wenye elimu zaidi yetu na walitazame. Yule mzee alifikiri kitambo, akasema kwamba kama ni ujira, basi ajira njema ni ile ambayo mwajiriwa ajua mwajiri anapata nini. Hilo nalo tuliliona la kuandikwa, kwa sababu mwenye kiwanda aliyenunua utulivu wa dhamiri kwa tope la Gazi huenda akaendelea kutoa moshi ule ule na zaidi, na bahari ikipanda haitauliza ni nani aliyelipa. Gazi imo chini kabisa kandoni mwa maji.

Na fedha ni ngapi? Mwanzoni zilikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka, kwa vijiji viwili. Kama zingegawanywa nyumba kwa nyumba, kila mmoja angepata futari ya siku chache na mambo yakaisha. Hawakuzigawa. Kamati huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, na matumizi huamuliwa katika mkutano wa watu wote, wanaume na wanawake. Walichagua maji kwanza, kisha mahitaji ya skuli. Mwaka 2017 mradi ulipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na picha zake zikazunguka dunia, lakini tuzo si kitu tulichosikia kikitajwa kisimani.

Kilichotajwa ni bomba. Mwanamke ambaye zamani aliteka maji ya chumvichumvi kwa kamba, au alinunua ya mikokoteni, sasa hukinga ndoo yake karibu na nyumba, naye ajua kwa hakika fedha za bomba lile zilitoka wapi. Kwa hiyo akimwona mtu atoka msituni na mzigo wa miti mibichi, hamwoni kuwa ni mtu aliyemkosea serikali. Amwona mtu aliyemkatia maji. Walinzi wa kamati wapo na huzunguka, ila tulivyoona sisi, ulinzi wenye kuogopwa zaidi ni wa wanawake walio foleni na ndoo. Maneno yao huyasikia mkata miti kabla hajafika nyumbani, na mama yake huyasikia kabla yake.

Hatusemi kwamba mambo yamenyooka. Gunia la makaa likipanda bei mjini, mtu huukumbuka msitu. Wako vijana waliokuwa wakiishi kwa kuuza majengo, nao wamepata kazi chache kuliko walizopoteza. Bomba la maji halimlipii kijana mahari. Akina mama waokotao chaza mizizini waambiwa wabandue chaza wasikate mzizi, nao hufanya hivyo, ingawa huchukua muda mrefu zaidi na kikapu hurudi chepesi. Gharama ya uhifadhi huanza kulipwa na aliye na kidogo. Anayeandika sifa za Gazi bila ya kuandika hilo huwanyima watu wa Gazi nusu ya sifa yao.

Na mlilana ungali unawashinda. Safu ya mbele, ambayo ndiyo kinga ya safu zote, ndiyo ngumu kuirudisha. Mche hupandwa, kusi likaja na mawimbi yake, likaung'oa au likaufukia kwa mchanga. Hupandwa tena. Tuliona fimbo zilizochomekwa kushikilia miche isiyofika magotini, mingine ina majani mawili, mingine imebaki kijiti. Tulipouliza ni mara ya ngapi hapo pamepandwa, mama mwenyeji wetu alicheka, akasema hesabu hiyo ameiacha.

Mfano wa Gazi umekwisha kuvuka mpaka wa kijiji. Kusini zaidi, karibu na Tanzania, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wameshika mikoko yao kwa mpango kama huo, hekta 460, msitu mkubwa mara nne hivi. Kaskazini, ambako Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wako wanawake wa Mtangawanda kisiwani Pate wanaopanda mahali palipokatwa. Huko hatukufika safari hii.

Familia itakayo kwenda Gazi yaweza kwenda na kurudi Mombasa siku moja. Iulize kwanza habari za maji: yakiwa yamekupwa, watoto wataona kaa na mizizi na tope lenyewe, yakiwa yamejaa, wataona msitu umesimama ndani ya bahari, na samaki wadogo wakipita chini ya mbao. Kikundi cha akina mama hupika wali wa nazi na samaki kwa wageni, lakini sharti waambiwe mapema, kwa kuwa samaki hununuliwa asubuhi vyombo vinapoingia. Bei tusitaje, maana hubadilika. Kilipwe walichosema bila ya kuvutana sana, kwani fedha hiyo yaingia katika kikundi. Nguo ziwe za kuchafuka, na mwenye mtoto mdogo amshike mkono darajani, kwa maana mbao nyingine zimechoka na zangoja fundi.